Vioo Kumi na Viwili vya Mama Saluni

Jumatatu, 3 Machi

Saa nne kasoro robo asubuhi. Mama Saluni ameingia dukani. Hakupita tu, ameingia! Anafungua saluni mpya nyuma ya posta, viti kumi na viwili, na kila kiti kinataka kioo chake cha ukutani, kirefu, chenye fremu. Vioo kumi na viwili kwa mkupuo! Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii na sijawahi kuuza zaidi ya vitatu kwa siku, na kimoja kati ya hivyo kilirudishwa.

Nikafuta kiti kwa kiwiko, nikamkaribisha. Hakukaa. Akasema hana muda wa kuzunguka madukani akipapasa fremu. Ataangalia picha zetu mtandaoni, jibu atatoa Jumatatu ijayo. Nikashtuka hapo kwenye "zetu." Nikamuuliza, zetu na nani? Akaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara.

Mng'aro! Fundi vioo wa upande wa pili. Jina nimempa mimi, kwa sababu kila asubuhi hupangusa vitu viwili kwa kitambaa kimoja: bango la duka lake na upara wake.

Jioni nimemweleza mke wangu. Nilitegemea pongezi. Akasema ni vizuri, maana nikiikosa kazi hii, nusu ya mbele ya duka anapewa kaka yake auzie makava ya simu. Mimi nihamie nusu ya nyuma. Duka ni la mama yake, kwa hiyo maneno hayo si upepo. Nusu ya nyuma haina dirisha! Kioo gizani ni ubao tu.

Shemeji mwenyewe alikuwepo, anakunywa chai yetu. Futi kamba ilikuwa mfukoni mwake tayari. Nimeiona.

Sikusoma hadi kidato cha nne bure. Nimetafuta makala kuhusu matumizi ya picha kwenye tovuti na mitandao, nikanakili kanuni kumi na moja kwenye daftari hili kwa wino wa bluu, nikazipigia mstari kwa mwekundu. Mama mkwe, aliyekuwa kwenye kochi na simu yake, akauliza naandika nini. Nikamweleza. Akasema kioo hupigwa picha kwa pembeni, mwanangu. Nikatabasamu kwa heshima. Mama ana miaka sabini na mbili. Hajui kanuni ya tatu: bidhaa ionekane yote, imtazame mteja usoni.

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga picha vioo kumi na viwili, kila kimoja kutoka mbele, katikati kabisa. Nilipima kwa rula. Kanuni ya tano inasema picha iwe na ubora wa juu, nikaweka ubora wa juu kuliko wote ambao simu inao. Kanuni ya nane inasema kila picha iwe na maelezo kwa ajili ya asiyeweza kuiona. Nikaandika: Kioo. Kioo kingine. Kioo tena. Hadi cha kumi na mbili.

Saa sita nikaziweka kwenye tovuti na kwenye ukurasa wa duka. Saa saba, watu arobaini wamependa! Nikaagiza soda.

Saa nane nikasoma maoni. Hakuna aliyezungumzia kioo. Wanazungumzia mtu aliye ndani ya kioo. Mtu huyo amevaa fulana iliyotoboka begani, amekunja goti moja, na ametoa ulimi. Katika picha zote kumi na mbili! Kumbe nikimakinika hutoa ulimi. Miaka arobaini na sita naishi na ulimi huu, hakuna aliyeniambia.

Mama mkwe ana simu kubwa na macho ya tai. Hukuza kila picha kwa vidole viwili kama anayefungua ganda la karanga. Ameandika hadharani, chini ya picha ya kwanza: "Mwanangu, ulimi." Maoni hayo yamependwa na watu tisini. Picha yenyewe arobaini.

Chakula cha jioni, mke wangu ameuliza kwa sauti ya upole mno kama daktari aliyenikataza sukari amebadili mawazo. Picha ya saba. Chupa ya soda chini ya meza, inaonekana vizuri hadi nembo. Ubora wa juu!

Mama Saluni naye ametuma ujumbe. Alifungua tovuti yangu akiwa anasubiri mteja wake akauke nywele. Mteja amekauka, amechana, ameaga, na picha ya kioo cha kwanza ilikuwa imefunguka hadi fremu ya juu tu. Ameuliza kama vinauzwa kwa vipande.

Jumatano, 5 Machi

Tatizo nimelitambua: ni mimi. Ufumbuzi: nisionekane.

Nimechukua shuka jeupe kabatini, nikalitoboa tundu moja la kamera na dogo la kupumulia. Nikajifunika kutoka utosini hadi vidoleni. Wazo langu lilikuwa hivi: nyuma yangu ukuta mweupe, mbele shuka jeupe, jicho la mteja halitaona kitu. Kanuni ya nne: mandhari ya nyuma iwe tulivu. Hakuna kitu kitulivu kuliko shuka.

Vioo vyote vya dukani vimechafuka kwa vumbi la kukata, kwa hiyo nikabeba na vya nyumbani. Cha chumbani, cha sebuleni, na kile kidogo cha bafuni ambacho shemeji hunyolea.

Picha zimependeza. Nimezipunguza uzito pia, zinafunguka kabla hujapepesa macho. Nikaziweka saa nne asubuhi. Kufikia adhuhuri zimesambazwa mara mia tatu na kumi! Mia tatu na kumi! Mng'aro hajawahi kufika thelathini. Nikatoka nje nikasimama mlangoni, mikono kiunoni, ili anione.

Kisha nikasoma. Wanasambaza kwa sababu ya mzuka. Wanasema kuna duka linauza vioo ambavyo ukijitazama unamwona marehemu. Mmoja ameuliza kama anaweza kuchagua marehemu gani, ana jambo la kumuuliza babu yake kuhusu mpaka wa shamba. Mwingine anaapa kuwa mzuka unapumua. Kweli, shuka linaonekana limebonyea mdomoni.

Mama Saluni ameandika mstari mmoja: wateja wake wanakuja kutengenezwa, hawaji kutishwa.

Mke wangu amekuza picha moja. Amelitambua shuka. Lilikuwa la harusi yetu.

Alhamisi, 6 Machi

Usiku nimelalia godoro tupu. Nimepata muda wa kufikiri.

Leo nimefikiri kama mhandisi. Kioo ukikitazama kutoka chini, kinaonyesha vya juu. Kwa hiyo kioo nikakiinua kwenye stuli mbili nje ya duka, kikitazama barabara, kwenye mwanga safi. Mimi nikalala chali chini yake, kwenye lami, simu kifuani. Simo! Hata ukucha wangu haumo!

Kazi haikuwa rahisi. Watu watatu wamenirushia pole. Muuguzi aliyekuwa anapita amepiga magoti akanishika mshipa wa mkono, akaniuliza leo ni siku gani. Nikamjibu ni siku ya mwisho ya umaskini wangu. Akanishika na paji la uso.

Picha sita, safi kabisa. Katika kila kioo inaonekana anga kidogo, na chini yake bango la duka la Mng'aro, kubwa, linang'aa. Hilo sikulipenda. Lakini nikatulia nikapima. Kwanza, maandishi ndani ya kioo hugeuka kinyume, nani atahangaika kuyasoma? Pili, kanuni ya saba inasema picha za biashara zifanane, mteja akiziona ajue ni zako. Sita zote zina bango lile lile. Zinafanana kama watoto wa baba mmoja. Nimeziweka.

Mama mkwe ameziangalia moja moja, akizikuza. Akasema mwanga mzuri. Nikafurahi. Kisha akauliza kwani kwa pembeni kuna nini, kuna nyoka? Nimemjibu kwa adabu kuwa haya ni mambo ya kitaalamu.

Mng'aro pia ameziangalia. Alikuwa mlangoni kwake na simu. Akaangalia simu, akaangalia bango lake, akaangalia simu tena. Akatabasamu, akaingia ndani. Wivu huo!

Ijumaa, 7 Machi

Mwenye wivu amerukwa na akili! Nimefungua duka saa mbili, nikamkuta mchora mabango juu ya ngazi ng'ambo, amefuta bango lote la Mng'aro na anaandika upya. Herufi zote kinyume! Kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi imegeuka kama imetoka usingizini. Hakuna anayeweza kulisoma. Wapita njia wanasimama, wanainamisha kichwa, wanaenda zao.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Nimemwambia muuza magazeti, nimemwambia fundi viatu, nimempigia simu mke wangu kazini. Fundi viatu akasema pengine mchora mabango alikuwa amelewa. Nikamwambia Mng'aro yuko pale chini anamwelekeza kwa kidole, tena mzima kama kigingi.

Basi sikuwa na sababu ya kuliogopa bango tena. Nikalala chali, nikapiga picha kumi na nane mpya, nikaziweka zote kwa mpigo. Nikaandika: "Kwa nini uende kwingine?"

Jioni niko sebuleni, miguu juu, naangalia zinavyosambazwa. Mia nne! Bila mzuka! Mama mkwe akakuza moja kwa vidole viwili, akaisoma kwa sauti, bila kukwama hata silabi moja, kama anayesoma tangazo la msiba:

"VIOO BORA ZAIDI, VUKA BARABARA."

Na chini yake namba ya simu ya Mng'aro. Ndani ya kioo changu. Kwenye picha yangu. Juu ya maneno yangu: kwa nini uende kwingine.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Mke wangu akatoka jikoni kuja kusikia. Shemeji akaomba arudie mara ya tatu, kwa sababu alikuwa anacheka hakusikia mwisho.

Sasa ndio naelewa. Alasiri watu watano walikuja hadi mlangoni kwangu, wakajitazama kwenye kioo cha nje, wakashukuru, wakageuka, wakavuka barabara. Nilidhani wana haya.

Nilitaka kuzifuta. Lakini mia nne! Sijawahi kufika mia nne. Mtu hafuti mia nne. Nimeziacha.

Jumamosi, 8 Machi

Zimebaki siku mbili. Shemeji amekuja saa tatu asubuhi "kusalimia." Akapima upana wa mlango, akaandika kiganjani. Nimemwambia shemeji, heshima basi. Akasema heshima ipo, anataka tu kujua rafu yake itapita.

Nimekaa nikafikiri hadi saa tano. Adui si mimi wala Mng'aro. Adui ni kioo chenyewe! Kinaonyesha kila kitu, hakina siri wala adabu. Kioo kikiacha kuonyesha, shida imekwisha.

Sisi mafundi, tukiweka kioo kipya dirishani, hukipaka chokaa kidogo ili mtu asijegonga uso. Ninayo chokaa ndoo nzima. Nimevipaka vioo vyote kumi na viwili, mkono wa kwanza, mkono wa pili, nikasubiri vikauke. Nikasimama mbele, katikati kabisa, bila shuka, bila kulala kwenye lami, soda mkononi. Hakuna kilichoonekana! Si ulimi, si chupa, si bango! Nilikaribia kulia.

Nimeweka picha saa tisa. Maoni ya kwanza: mwalimu mmoja anauliza ubao mmoja ni bei gani, na kama ni wa chaki au wa kalamu. Wa pili anasema milango mizuri, lakini mbona haina vitasa?

Saa kumi na moja, Mama Saluni. Anasema ameona mbao zangu nyeupe, ni nadhifu. Anauliza kama nauza na vioo pia.

Mama mkwe leo ameweka simu kando. Amenipa chai. Hilo limeniuma zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Mapumziko, lakini niko dukani nakwangua chokaa. Haitoki kirahisi. Mikono yangu ni ya mzee wa miaka mia.

Saa nne mama mkwe ametokea mlangoni na mke wangu. Mama amealikwa kwa shoga yake, anataka kufunga kilemba, na nyumba nzima haina kioo hata kimoja kwa sababu mkwe wake amevibeba vyote. Hata shemeji amenyoa leo kwa kujipapasa. Nilimwona asubuhi, amepoteza nusu ya sharubu. Nikakwangua kioo kimoja haraka, chenye fremu ya kahawia, nikakisimamisha karibu na dirisha.

Mama akakaa kwenye kiti changu, akaanza kufunga. Mzunguko mmoja, wa pili, pini mdomoni. Jua lilikuwa linaingia kwa ubavu. Alipomaliza akajitazama, akageuza shavu hili, akageuza lile, akacheka peke yake kama msichana aliyesifiwa. Mke wangu alikuwa ameegemea mlango, kwa pembeni. Akapiga picha moja. Moja tu! Mimi hupiga hamsini nikachagua.

Nimeiona. Kwa ukweli wa kitaalamu ina kasoro tatu. Kioo kinaonekana nusu. Hakimtazami mteja. Na mtu amechukua nafasi kubwa kuliko bidhaa. Nimemwambia mke wangu taratibu, asikate tamaa.

Mama ameiweka kwenye ukurasa wake, ambao wafuasi wake ni kama watu thelathini, wengi wao wazee wenzake wa vilemba na dawa za magoti. Ameandika: "Mkwe wangu amebeba vioo vyote vya nyumba. Nimevifuata. Kumbe bado nimo!"

Sijaisambaza. Ingeharibu mfanano wa ukurasa.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya hukumu. Nimevaa shati. Nimeficha soda.

Saa nne kamili Mama Saluni ameshuka kwenye gari. Akavuka kwenda kwa Mng'aro kwanza! Nikahesabu dakika. Kumi na moja. Mng'aro alikuwa anatupa mikono kama mchungaji mimbarini. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia futi kamba ikitoka na kurudi, ikitoka na kurudi. Trrr. Trrr.

Kisha akavuka kuja kwangu. Hakusalimu. Akatoa simu, akanionyesha picha ya mama mkwe, akauliza hiki kioo ni cha duka gani. Nikasema ni changu. Akauliza kama nina uhakika, maana hakina mzuka, wala ulimi, wala bango la jirani. Nikaapa. Akasema mmoja wa wafuasi wa mama husuka kwake, na tangu jana jioni wateja wamepitishiana picha hiyo mkono kwa mkono, kila mmoja anataka kiti ambacho atakaa atoke anacheka vile. Mng'aro ana fremu nzuri, akasema, lakini picha zake zote ni za fremu. Hakuna mtu hata mmoja anayejiona humo.

Vioo kumi na viwili! Fremu ya kahawia! Amepeana mkono nami, kisha akaangalia mkono wake, umejaa chokaa.

Sharti moja: siku ya ufunguzi wa saluni, picha zipigwe na mke wangu, mama akiwa kwenye kiti cha kwanza. Mimi nimeombwa nisiwe karibu na kamera. Nimekubali. Mkuu hagombanii vitu vidogo.

Mke wangu amemwambia kaka yake akunje futi kamba. Akaikunja, polepole, kama anayekunja bendera. Nusu ya mbele imebaki yangu!

Nimekaa na daftari nikatafakari ushindi huu umetoka wapi. Jibu: mpango. Mzuka ulileta jina. Bango lilileta watu. Chokaa ilijenga hamu ya kuona kioo halisi. Picha ya mama ilikuja tu kama chumvi, chungu nilikuwa nimeshachemsha mimi. Nimeongeza kanuni ya kumi na mbili: uvumilivu.

Mama mkwe akauliza nimejifunza nini. Nikamsomea yote manne. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema nyani haoni kundule, hata umpe kioo. Nadhani alikuwa anamsema Mng'aro.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekuwa nikimchunguza Mng'aro kwa siku nne. Naye sasa anatoa vioo nje kupiga picha. Vinatazama wapi? Duka langu! Mtego alioutega mwenyewe! Mganga amejisahau.

Jana nimemwita mchora mabango, yule yule. Bango langu lote limeandikwa upya, herufi kinyume, nyekundu juu ya nyeupe: MSHINDI WA VIOO YUKO HUKU. Mchora mabango aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia wewe chora, wajuzi tunajuana.

Leo asubuhi nimesubiri picha mpya za Mng'aro kwa hamu. Zimetoka saa tatu. Katika kila kioo kuna mtu aliyekaa anajitazama anacheka. Mke wake, jirani yake, yule muuguzi. Zote zimepigwa kwa pembeni. Bango langu halimo hata herufi.

Na bango lake amelirudisha kawaida usiku wa kuamkia leo. Linasomeka hadi posta.

Langu halisomeki. Tangu asubuhi watu wawili wamesimama nje wakibishana kama hapa ni duka au chuo cha lugha. Wakaenda ng'ambo kuuliza. Hawakurudi. Shemeji amepita saa tano na futi kamba. Nimemuuliza anapima nini. Anasema hapimi, anaishika tu.

Lakini mimi si mtu wa kukaa nikalia. Bango linasomeka kikamilifu ukilitazama kupitia kioo. Kwa hiyo nimetoa kioo kikubwa kuliko vyote, nikakisimamisha barabarani kikitazama bango, nikasimama mbele yake, katikati kabisa kwa rula, nikapiga. Maandishi yametokea safi, kila herufi mahali pake! Nimeiweka saa sita mchana.

Saa sita na dakika mbili, mama mkwe: "Mwanangu, ulimi."